Hesabu Miguu Kwanza: Usimuue Kaa Usiyemjua

Wasee, leo nakuja na maoni ambayo najua yatanigombanisha na watu wachache.

Ukiuliza popote mtandaoni, "Nimeona kaa mdogo kwenye tanki yangu ya maji ya bahari na sikumnunua, nifanye nini?" utapata jibu moja tu: mtoe, muue, mtupe. Kuna wale wanasema umwagie jiwe maji ya moto. Kuna wale wanasema umchome na kijiti cha mshikaki. Hakuna anayekuuliza ni kaa gani. Hakuna anayekuuliza ana miguu mingapi, anaishi wapi ndani ya tanki, anakula nini. Kesi imeisha na hata jina la mshtakiwa hatulijui.

Mimi sikubali. Msimamo wangu ni huu: kaa aliyeingia kwenye tanki yako bila kualikwa anafaa atambuliwe kwanza, halafu ndio uamue. Sio ati wote ni wazuri. Wengine ni wezi na wauaji, na hapa chini nitakuonyesha jinsi ya kuwajua. Lakini kati yao kuna wafanyakazi, na ukiua bila kuangalia utaua mlinzi ukidhani umeua mwizi.

Kuna sababu ingine pia, na hiyo inatuhusu sisi watu wa Kitui na Makueni kuliko tunavyodhani. Tutaifikia.

Najua unachofikiria. Tanki ya maji ya bahari? Kitui? Mahali ambapo maji ya kawaida tu tunayapangia foleni na mitungi? Ndiyo, boss. Ni tanki ya lita 60, iko sebuleni kwa mamangu, na huu ni mwaka wake wa pili. Maji nanunua yale ya kuchujwa kwenye duka la kujaza mitungi, halafu nachanganya na chumvi maalum ya tanki, gramu 35 hivi kwa kila lita. Piga hesabu: kujaza tanki nzima ni kilo mbili na kitu kidogo. Watu huniuliza kwa nini nisitumie tu maji ya kisima, si ya kwetu yana chumvi tayari? Ni kweli yana chumvi, lakini yale maji ya kisima yanayokukunja uso kwenye chai bado ni mepesi sana ukiyapima kando ya bahari, na madini yake ni mengine kabisa. Samaki wa bahari hataishi humo. Na chumvi ya jikoni pia achana nayo.

Mawe ya tanki nilinunua kwa muuzaji Nairobi, yakaja kwa matatu ndani ya boksi ya kuweka baridi. Nililipia mawe. Sikulipia abiria. Lakini abiria walikuwa ndani.

Hiyo ndiyo maana ya wadandiaji. Jiwe la baharini limejaa mashimo, na kaa wa milimita tano anaweza kujificha humo safari nzima bila mtu kumwona. Unaweza kukaa miezi mitatu ukiamini tanki yako haina kaa, halafu usiku mmoja unawasha tochi na kuna mtu ana miguu mingi anakuangalia. Hajatoka hewani. Alikuwa humo tangu siku ya kwanza, ila sasa amekua.

Sasa tuingie kazi. Kabla hujamhukumu, jibu maswali sita.

Swali la kwanza: ana miguu mingapi? Hesabu vizuri. Kaa wa kweli ana magando mawili mbele na miguu minane ya kutembea, minne kila upande. Ukihesabu ukapata mitatu tu kila upande, na ana nyuzi mbili ndefu za kupapasia kichwani, na magando mapana yaliyolala kama sahani, basi huyo si kaa wa kweli. Wataalamu wanamweka kwenye jamaa ya Porcellanidae. Ule mguu wa nne anao, lakini ni mdogo sana na ameukunja nyuma. Mwangalie akila: anatoa vitu kama vifagio viwili vya manyoya mdomoni na kuchota chembe zinazoelea majini. Hayo magando makubwa ni ya kutishia majirani na kugombania nafasi. Huyo muache. Hana shida na mtu, na ukimshika vibaya anakuachia gando mkononi na kukimbia.

Swali la pili: miguu ya nyuma ikoje? Kama jozi ya mwisho imebapa kama kasia, huyo ni kaa wa kuogelea, jamaa ya Portunidae. Ndio familia ya kaa koko, yule mkubwa wa mikoko ambaye Pwani wanamtia kwenye mchuzi. Huyu ni mwindaji. Akiwa mdogo anapendeza, akikua anakamata samaki. Kwa tanki ndogo kama yangu, lazima ahame.

Swali la tatu: ncha za magando zikoje? Zile zilizopinda ndani kama kijiko ni za kukwangua mwani kwenye mawe. Yule kaa wa kijani wa Karibiani, Mithraculus sculptus, anauzwa kwa pesa na watu wanamnunua kwa sababu ya hiyo kazi. Ncha nyeusi au kahawia kwenye magando manene, mara nyingi gando moja kubwa kuliko lingine, hiyo mara nyingi ni familia ya Xanthidae. Hapa uwe macho. Familia hii ni kubwa sana. Kuna wanaokula mwani, na kuna wanaokula chochote kinacholala usiku. Weusi wa vidole sio ushahidi wa kosa, ni sababu ya kumchunguza zaidi. Na mtu asikudanganye umchemshe ule: baadhi ya hao, kama Zosimus aeneus na Atergatis floridus wa bahari yetu ya Hindi, wana sumu kali mwilini na moto wa jiko hauiondoi.

Swali la nne: ana nywele? Watu wanawaita gorila na kuwaua kwa sababu ya nywele tu. Ni kweli wengi wenye nywele ni wala nyama au wanakula kila kitu. Lakini nywele peke yake hazitoshi. Kuna kaa ambao hubandika vipande vya mwani na sifongo mgongoni ili wasionekane, na kwa macho ya haraka utawaita gorila pia. Hao wana tabia yao mbaya, wanaweza kukata matumbawe yako wajitengenezee kofia, lakini hilo ni kosa tofauti na la kula samaki, na dawa yake ni tofauti.

Swali la tano: anaishi wapi? Hili ndilo swali muhimu kuliko yote na ndilo watu hawaulizi. Kama anazurura kwenye mawe usiku, huyo ni mtu wa mtaani. Kama anakaa ndani ya matawi ya matumbawe mchana na usiku na hatoki, mara nyingi wakiwa wawili, mume na mke, gamba laini linalong'aa bila nywele, basi uko mbele ya Trapezia au binamu yake Tetralia. Acha kabisa kidole chako. Huyo ni askari. Nitakuambia kazi yake sasa hivi.

Swali la sita: ameshikwa na nini mkononi? Hii inataka subira. Kaa wengi hutoka usiku, na ukiwasha taa nyeupe wanapotea. Funga tochi yako na karatasi nyekundu ya plastiki, maana mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Kaa chini dakika ishirini. Ndiyo, kumwona kaa lazima ukae. Ukiona anakwangua jiwe, andika. Ukiona anavuta nyama ya matumbawe yaliyo hai, andika. Ukiona anakula samaki aliyekufa, usikimbilie kusema amemuua. Anaweza kuwa tu mtu wa kuzika.

Jambo moja la kuongezea: ukipata kaa "amekufa", mwepesi, mtupu, na mgongo umefunguka nyuma kama mlango, tulia. Hilo ni gamba tu. Kaa hukua kwa kujivua, na mwenyewe amejificha mahali akingoja gamba jipya likauke.

Hebu sasa turudi kwa askari.

Trapezia hula ute unaotolewa na matumbawe. Hiyo ni kodi yake ya nyumba, lakini analipa kwa kazi. Kuna kiti cha pweza mkubwa mwenye miiba, Acanthaster, ambaye hula matumbawe na kuacha mifupa myeupe. Akisogea kwenye tumbawe lenye hawa kaa, wanatoka na kumfinya miguu mpaka ageuze njia. Kaa wa ukubwa wa kucha anafukuza mnyama mpana kama sinia.

Kazi ya pili ni ya usafi. Huko Moorea, kisiwa cha Pasifiki, watafiti walichukua vipande vya matumbawe, vingine wakaviacha na kaa wao, vingine wakatoa kaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Vilivyobaki na kaa karibu vyote viliishi. Kwa vile vilivyoondolewa kaa, vingi vilikufa ndani ya mwezi mmoja. Sababu ilikuwa mchanga na udongo. Kaa walikuwa wanaufagia na kuusukuma nje. Bila wao, udongo ulilala juu ya matumbawe ukayaziba.

Udongo. Shika hilo neno.

Unajua mto Athi unapita kati ya Makueni na Kitui. Ukishuka chini unaitwa Galana, ukifika mwisho unaitwa Sabaki, na unamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo tu ya Malindi. Mvua ikinyesha kwetu shamba lisilo na matuta, ule udongo mwekundu unaotoroka hauishii kwenye korongo. Unaenda mpaka kwenye bahari, na upepo wa kaskazi ukivuma, yale maji ya kahawia yanasukumwa kuelekea miamba ya Malindi.

Hizi sio hadithi za mwalimu wa jiografia. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Matumbawe hukua tabaka juu ya tabaka kama mti, na udongo wa mtoni huja na madini ya bariamu yanayoingia kwenye tabaka hizo. Walipopima, waliona karne mbili za utulivu, halafu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1900 bariamu ikaanza kupanda na haikurudi chini. Yaani ardhi yetu ilivyoanza kuchunika, tumbawe la Malindi liliandika kila kitu kwenye daftari lake.

Kwa hivyo mtu akiniambia kaa wa baharini hawahusu Mkamba, mimi nacheka. Tumewatumia udongo zaidi ya miaka mia moja. Wao ndio wamekuwa wakishika ufagio. Halafu leo mmoja wao anafika Kitui kwa matatu, amechoka, na salamu ya kwanza tunayompa ni maji ya moto?

Sasa niwape nafasi wapinzani, kwa sababu hoja zao sio za kijinga.

Binamu yangu wa Wote, ambaye ana tanki ndogo kuliko yangu, ananiambia hivi: "Samaki nilinunua na pesa yangu. Kaa amekuja bure. Kwa nini nihatarishe cha pesa nikichunguza cha bure?" Ni swali la maana. Samaki wa bahari ni bei, na huku kwetu hakuna duka la kona utakimbilia ukipoteza mmoja. Na ni kweli, tanki ya lita 60 sio bahari. Baharini samaki akisumbuliwa na kaa anaenda mwamba mwingine. Kwenye tanki hana pa kwenda.

Jibu langu ni kwamba kuchunguza sio kuacha. Ukishuku kaa, mtoe leo usiku huu huu, lakini mtoe akiwa hai. Chukua glasi ndogo, weka kipande cha dagaa ndani, iegemeze kwenye jiwe kwa mteremko. Kaa anapanda jiwe, anaingia glasi kufuata harufu, na kioo kinateleza hawezi kutoka. Asubuhi unaye. Kama amejichimbia kwenye jiwe, toa jiwe zima ulishike juu ya ndoo ya maji ya tanki, na mara nyingi anashuka mwenyewe. Mweke kwenye chombo chake chenye maji ya tanki, jiwe moja na mrija wa hewa. Samaki wako wako salama, na wewe una siku saba za kumtazama na kumpiga picha. Gharama yake ni chombo cha plastiki. Hiyo hatari ambayo binamu anaogopa haipo tena.

Hoja ya pili ni ya wale wanasema kaa akionekana juu ya tumbawe linalokufa, hakuna haja ya uchunguzi, amekamatwa na mali ya wizi. Hapa ndipo ninapenda stori ya Cymo melanodactylus. Ni kaa mdogo mweupe mwenye manyoya na vidole vyeusi. Sura yake yote inasema mhalifu. Anapatikana wakiwa wengi kwenye vidonda vya matumbawe yanayougua ule ugonjwa wa kugeuka meupe, na anakula nyama ya hapo. Ungeapa ndiye anaueneza. Watafiti wa Australia walijaribu: wakawatoa kaa kwenye baadhi ya matumbawe yenye ugonjwa na kuwaacha kwenye mengine. Mwaka 2012 wakaripoti kwamba pale walipotolewa, ugonjwa uliendelea kwa kasi zaidi. Wale kaa walikuwa wanaupunguza mwendo. Kuwa karibu na maiti hakukufanyi muuaji. Inaweza kuwa wewe ndiye daktari.

Na kama unadhani kutambua viumbe vidogo ni mchezo wa watu wenye wakati mwingi, hebu tutoke baharini kidogo, twende kwenye mito ya Kenya yenyewe. Nyanza kulikuwa na ugonjwa wa upofu unaoletwa na inzi mdogo mweusi, Simulium neavei. Kwa miaka mingi wataalamu walijua inzi lakini hawakuweza kupata mabuu yake. Walitafuta kwenye mawe, kwenye majani, kwenye mizizi, hakuna. Mwaka 1950 van Someren na McMahon wakachapisha jibu: mabuu yalikuwa yamejibandika kwenye miili ya kaa wa mtoni. Yalikuwa wadandiaji! Watu walikuwa wamepita kando ya hao kaa siku zote bila kuwageuza waangalie. Yule inzi baadaye alitokomezwa Kenya kwa dawa ya DDT iliyomwagwa mitoni. Mtu aliyemchukua kaa mkononi na kumtazama vizuri alijibu swali ambalo miaka ya kutafuta haikuwa imejibu.

Kaa wa mtoni, kwa njia, ni wetu kabisa. Jenasi yao kubwa Afrika inaitwa Potamonautes. Tofauti na ndugu zao wa bahari, ambao watoto wao huelea majini wiki kadhaa wakiwa na sura ya mdudu wa ajabu kabla hawajawa kaa, hawa wa mtoni wanaanguliwa wakiwa kaa kamili, wadogo kama punje, na mama anawabeba chini ya tumbo. Ukimpata mmoja kwenye kijito cha Kibwezi ama kwingine kokote kwetu, mpige picha na umrudishe hapo hapo. Weka kwenye iNaturalist, ni bure, na watu wanaojua kaa watakusaidia jina. Fanya vivyo hivyo na yule wa tanki, ila uonyeshe kwamba ni wa kufugwa. Picha moja kutoka juu, moja ya uso na magando, moja ya miguu ya nyuma, na rula kando ya kioo ili ukubwa uonekane. Picha ya doa jeusi kwenye giza haitamsaidia mtu.

Sasa kuna sheria mbili ambazo kwangu hazina mjadala.

Ya kwanza: ukishamjua na ukaamua hafai, usimwachilie. Sio kwenye Athi, atakufa kwa maji baridi. Sio baharini ukienda likizo Mombasa, maana hujui ametoka bahari gani na amebeba ugonjwa gani. Kenya inajua uchungu wa mnyama aliyewekwa mahali si pake. Mwaka 1970 kamba wa Louisiana waliletwa Ziwa Naivasha kwa ajili ya uvuvi, wakala mimea ya majini hadi ziwa likabadilika. Kaa wako mpe mtu mwenye tanki kubwa, ama abaki kwenye chombo chake. Mimi nina mmoja wa vidole vyeusi kwenye chombo mpaka leo. Anakula dagaa na anaonekana hana malalamiko.

Ya pili: usiende kung'oa jiwe baharini. Najua reli inapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na kutoka Mombasa mpaka huku ni safari ya saa chache. Najua mtu anaweza kufikiria jiwe moja kwenye ndoo ni nini. Lakini ndani ya hiyo ndoo kuna wale askari wote niliokueleza. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na humo huruhusiwi kuchukua hata kombe. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, kwa hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Na miamba yetu haijapona vizuri tangu joto la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi sana Pwani. Muulize muuzaji wako jiwe limetoka wapi. Akikosa jibu, usinunue. Mawe makavu yaliyotengenezwa yapo, bakteria watahamia wenyewe, na hutapata wadandiaji wengi. Ndiyo, nimesema hivyo mimi ninayewapenda. Kaa bora ni yule aliyebaki kwao.

Hapo ndipo naona watu wengi wanakosea kuhusu hii tabia ya kufuga. Wanadhani kazi ni kuweka tanki iwe safi, iwe nzuri kwa video, isiwe na kitu ambacho hukupanga. Mimi nadhani kazi ni kujua unaishi na nani. Kama huna hamu ya kuhesabu miguu ya kaa, nunua picha ya samaki uitundike ukutani. Haina bili ya umeme.

Na kwa sisi wa huku kuna deni. Ukitaka kumsaidia yule askari wa Malindi, huhitaji tanki kabisa. Msaidie babako au shangazi kuchimba matuta ya fanya juu kabla ya mvua ya Novemba. Panda nyasi kwenye kingo. Mkiwa na bwawa la mchanga kijijini, nenda siku ya kazi ya kijiji badala ya kubaki kitandani na simu. Makueni walipitisha sheria ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015, kwa hivyo ukiona lori linachota usiku, unajua cha kufanya. Kila karai la udongo linalobaki shambani ni karai ambalo kaa mmoja wa ukubwa wa kucha hatalifagia.

Kwa hivyo wikendi hii, kama una tanki, zima taa, funga tochi na karatasi nyekundu, na uhesabu. Kama huna, nenda mtoni uhesabu. Niletee picha kwenye komenti na tutatambua pamoja: miguu, ncha za gando, nywele, anapoishi, anachokula. Kama bado unaamini kaa wote wauawe, komenti pia, lakini uanze kwa kuniambia ulimuua nani. Jina lake kamili, tafadhali.